Kila Kanuni na Kaburi Lake

Mwishoni mwa Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, Mombasa, likazama na mama na bintiye. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba. Katika siku zile za kungoja, nchi nzima iligeuka kuwa mabingwa wa kupiga mbizi, na mimi nikiwemo. Nilikuwa nimelala hosteli, simu mkononi, nikiandika Twitter: kwani ni nini kigumu? Si waingie tu watoe gari?

Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Wakati huo sikujua namba hiyo ina maana gani. Niliijua baadaye, nikiwa tayari nimeacha chuo, na imenisumbua kwa sababu inagusa jambo ninalobishana na mama yangu hadi leo: makaratasi yana kazi gani?

Tuanze na maji yenyewe. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo linaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Mita 58 ni karibu mara 7 ya unavyobanwa hapo ulipokaa. Hewa unayovuta kule chini inabanwa vilevile, na nitrojeni iliyomo inapenya ndani ya damu na nyama. Ukikaa chini kisha upande haraka, inatoka kama gesi ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo vinaziba mishipa, vinaingia kwenye viungo na uti wa mgongo.

Watu hawakujua haya kwa kuambiwa. Miaka ya 1870, vibarua waliojenga Daraja la Brooklyn kule New York walifanya kazi chini ya mto ndani ya makasha makubwa yaliyojazwa hewa iliyoshindiliwa. Wakitoka, wengine walikunjika kwa maumivu, wengine walikufa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, naye alipigwa na ugonjwa huo mwaka 1872 akabaki mgonjwa, akiendesha ujenzi kutoka chumbani kwa msaada wa mkewe. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alionyesha kwamba mhalifu ni nitrojeni. Mwaka 1908, John Scott Haldane wa Uingereza, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi, alichapisha majedwali ya kumwelekeza mzamiaji asimame wapi na kwa muda gani anapopanda.

Majedwali hayo yalikuwa ya jeshi la majini. Halafu mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan wakaunda kifaa cha kupumulia kinachokupa hewa ya mtungi pale tu unapovuta pumzi. Ghafla bahari ikawa wazi kwa mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kule Marekani ungeweza kuingia dukani, ukalipa, ukabeba mtungi na kwenda zako baharini. Hakuna aliyekuuliza kitu. Na watu walikufa kwa makosa madogo sana. Kwa mfano, ukivuta pumzi kwenye mita 10 ukaibana huku unapanda, hewa hiyo itataka nafasi mara mbili ukifika juu, na mapafu yako hayana nafasi hiyo.

Ndipo shule zikaanza. Conrad Limbaugh, mpiga mbizi mkuu wa taasisi ya Scripps, California, akawa miongoni mwa wa kwanza kufundisha kwa mpango. Uingereza ilipata klabu yake ya BSAC mwaka 1953. Marekani ikapata NAUI mwaka 1960 na PADI mwaka 1966. Vyeti vikawa ngazi: cha kwanza hadi mita 18, kozi zaidi hadi 30, na ukizidi kusoma, 40. Hapo ndipo burudani inapoishia. Ile mita 58 ya Likoni ni ulimwengu mwingine, wenye gesi zake, vifaa vyake na mafunzo yake.

Kuna sehemu ya historia hii inayonikaba. Mwaka 1960 Limbaugh, mwalimu wa walimu, aliingia kwenye mto wa chini ya ardhi pale Port-Miou, Ufaransa. Alipotea pangoni, akafia humo. Bahari aliijua kuliko karibu kila mtu. Pango lilikuwa somo lingine.

Somo hilo liliandikwa na mwalimu wa hisabati wa Florida, Sheck Exley. Alichambua ajali za mapangoni, na mwaka 1979 akatoa kijitabu cha kanuni. Daima uwe na kamba inayofika hadi nje. Gawa hewa mara tatu: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya dharura. Usizidi kina unachokimudu. Waliokuja baada yake waliweka mafunzo mbele ya kanuni zote. Exley mwenyewe alifia kwenye shimo la Zacatón, Mexico, mwaka 1994, akitafuta kina ambacho hakuna mpiga mbizi wa mtungi aliyekuwa amekifikia.

Mtu anaweza kusema: haya basi, kama hata mabingwa wanakufa, cheti cha nini? Mimi ningesema hivyo zamani. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu nilichoka kunakili noti za mhadhiri ambazo hata yeye alikuwa amenakili. Siitetei karatasi ile hadi leo.

Lakini karatasi ya mpiga mbizi ina asili tofauti. Kila mstari wake una mtu aliyekufa ndio sisi tujue. Na haikwambii kwamba umemaliza. Inakwambia umefika mita ngapi, basi.

Mama akiuliza ni lini nitarudi chuo, bado sina jibu. Ila siku hizi simwambii tena kwamba kusoma ni kupoteza wakati. Nakumbuka nilivyolala pale hosteli nikiwacheka watu wa Likoni kwa kuchelewa. Anayetoka kwenye kina kile hawezi kupanda moja kwa moja. Analazimika kusimama njiani, gizani, ameshika kamba, akihesabu dakika zilizoanza na mbuzi wa Haldane.