Kucha Zenye Mistari: Historia ya Dawa na Ngozi



Hapa Kolwezi tumezoea kusoma mikono ya wenzetu. Vumbi la migodi ya Mashamba likiingia chini ya kucha, twajua huyu ametoka kazini. Lakini kusoma huko kumewaumiza wengi, hasa wenye virusi vya Sida, ambao dawa iliyowakinga na kifo iliwaachia pia alama mwilini. Yafaa tujue alama hizo zilitoka wapi.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, AZT, iliidhinishwa Marekani mwezi wa Machi 1987. Mwaka uleule waganga waliandika jambo la ajabu: kucha za baadhi ya wagonjwa zilitokeza mistari ya kahawia au ya buluu iliyokoza. Sababu yake ni nyepesi. Dawa huchochea seli za shina la ukucha zinazotengeneza rangi, zilezile zinazoipa ngozi weusi wake. Ndiyo maana alama hizo huonekana zaidi kwetu Waafrika. Haziumi, haziozeshi ukucha, wala hazimwambukizi mtu. Dawa ikibadilishwa, hufifia polepole kadiri ukucha unavyokua.

Lakini wakati ule dawa yenyewe haikufika kwetu. Kinshasa, katika hospitali ya Mama Yemo, Projet SIDA ilikuwa imeanza mwaka 1984, na Daktari Bila Kapita na wenzake waliutambua ugonjwa vizuri, ila hawakuwa na cha kuwapa wagonjwa. AZT iligharimu karibu dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines iliyolisha mji wetu ikazidi kudhoofika. Septemba 1991 Kinshasa iliporwa, na mradi ule ukafungwa.

Mwaka huohuo wa 1991 fundisho zito lilitoka Nairobi. Thiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, ilionekana kuwadhuru vibaya ngozi wagonjwa wenye virusi: takriban mmoja kati ya watano alipata madhara, na wengine walichubuka ngozi hata wakafa. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe tena. Hivyo ngozi iliwafundisha waganga kwamba dawa inayomfaa mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza dawa tatu kwa pamoja kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Mlango ukafunguka kwa maskini. Lakini mchanganyiko huo ulikuwa na nevirapini, iliyoweza kuleta vipele katika majuma ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa alianzishiwa nusu ya kipimo kwa siku 14. Ulikuwa pia na stavudini, iliyomaliza mafuta ya mashavu na ya mikono. Nyuso zilizokonda zikawatangaza watu mitaani bila ridhaa yao. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitaka stavudini iachwe. Wengi wakahamishiwa AZT, na mistari ya kucha ikaonekana katika nyumba nyingi za Afrika. Tangu 2019 dawa inayopendekezwa kwanza ni yenye dolutegraviri, ambayo kwa kawaida haiachi alama hizo.

Historia hii yatuonya juu ya makosa mawili. La kwanza ni kuogopa kisichodhuru: mtu anaona kucha zake zimekuwa nyeusi, anaona haya, anaacha vidonge kwa siri, na virusi vinapata nguvu ya kuishinda dawa. La pili ni kupuuza kinachodhuru: vipele vyenye homa, malengelenge, vidonda vya kinywani, macho mekundu au ya manjano. Hayo hayasubiri kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile, na mganga ndiye aamue juu ya dawa. Tukumbuke pia kwamba kobalti yenyewe huwasha ngozi ya wengine. Si kila kipele ni cha Sida, wala si cha dawa.

Mstari katika ukucha wa jirani haumpi mtu yeyote ruhusa ya kuuliza wala kutangaza. Ukiwa kweli umeletwa na dawa, basi washuhudia jambo moja tu: mtu huyu ameshika dawa yake, naye yu hai.

Maswali ya kikundi:
1. Ni maneno gani mtaani kwetu yanayoweza kumfanya mtu aache dawa?
2. Rafiki akituonyesha mkono wake kwa hofu, tutamjibu nini, na tutamsindikiza wapi?