Kishazi Ndani ya Neno: Sarufi za Kiswahili kutoka Steere hadi SAMIKISA

Sarufi za mwanzo za Kiswahili ziliandikwa kwa ajili ya wageni. Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 1944, walimwandikia msomaji wa Kiingereza. Kwa msomaji huyo, ugumu ulikuwa katika ngeli na viambishi. Kwa hiyo neno ndilo lililotawala maelezo. Kishazi hakikusahauliwa, bali kilitawanywa: -ki- iliwekwa pamoja na njeo, nacho kirejeshi kikaelezwa mahali pengine.

Mpangilio huo ulificha jambo la msingi. Katika sentensi “Mvua ikinyesha, tutapanda,” hakuna kiunganishi. Ni -ki- inayokifanya kishazi cha kwanza kiwe tegemezi. Kuiita alama ya wakati tu ni kutaja nusu ya kazi yake. Vivyo hivyo, “aliyekuja” ni neno moja kwa maandishi, lakini kimuundo ni kishazi kizima chenye kiambishi cha mtenda, njeo, kirejeshi na mzizi wa kitenzi.

Mwaka 1999, TUKI ilichapisha Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu (SAMIKISA) ya Massamba, Kihore na Hokororo. Hapo kirai, kishazi na sentensi vilifafanuliwa kwa Kiswahili, kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa amebadilika, na sarufi ikabadilika naye.

Leo msomaji anabadilika tena. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliunga mkono kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanafunzi wa Kampala asemaye Kiganda tayari anajua “omuntu eyakola”, yaani “mtu aliyefanya kazi”. Urejeshi umo ndani ya kitenzi katika lugha zote mbili. Kumfundisha kishazi kwa kupitia Kiingereza ni kumzungusha.

Suala hili linavuka mipaka ya darasa. “Wafanyakazi waliosajiliwa watalipwa” huwapa haki waliosajiliwa peke yao. “Wafanyakazi wamesajiliwa na watalipwa” hudai kwamba wote wamesajiliwa, na wote watalipwa. Mfasiri wa sheria asiyekitambua kishazi ndani ya neno anaweza kubadilisha haki ya mtu bila kukusudia. Kwa hiyo, mitaala mipya ya ukanda huu haina budi kukipa kishazi nafasi yake tangu hatua za awali.