Ukoo wa Jeni

Ukoo wa jeni ni kundi la jeni zilizotokana na jeni moja ya kale, ambazo bado zinafanana katika mpangilio wa DNA hata pale kazi zake zilipotofautiana. Wapo wanaotumia familia ya jeni, lakini neno familia limekwisha kuwa ngazi ya uainishaji wa viumbe, kama familia ya Rubiaceae ambamo mbuni umo, na tena laweza kumaanisha watu wa nyumba moja, ilhali ukoo, kwa Wapare kama kwa jamii nyingine, huhesabiwa kwa nasaba hata wanaukoo wakitawanyika na kushika kazi mbalimbali.

Mbuni unaolimwa Shighatini na kwingineko katika milima ya Upare Kaskazini unaonyesha jinsi ukoo wa namna hiyo unavyokua. Uchambuzi wa jenomu, yaani jumla ya taarifa za urithi, ya robusta, mojawapo ya spishi za mbuni, uliochapishwa mwaka 2014, ulibainisha jeni zaidi ya 25,000, zikiwemo za vimeng'enya vinavyopachika kundi la methili, hatua inayorudiwa mara tatu hadi kafeini ipatikane. Ukoo huo ulipanuka kwa urudufu sanjari, ambapo jeni hunakiliwa na nakala hukaa kando ya ile ya awali katika kromosomu ileile. Moja ikiendelea na kazi ya zamani, nyingine huwa huru kupokea mabadiliko, ambayo mara nyingi huiharibu na mara chache huipa kazi mpya. Chai na kakao nazo hutengeneza kafeini, ila jeni zake zilipanuka peke yake, bila kutegemea upanuzi wa zile za mbuni.

Arabika, spishi nyingine ya mbuni, ilipitia pia njia ya pili, kwani ilizaliwa na robusta pamoja na Coffea eugenioides, spishi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikawa na kromosomu 44 badala ya 22 za kila mzazi, hivyo koo karibu zote zikaongezeka kwa mkupuo mmoja.

Jeni za kinga nazo zimo katika koo zilizopanuka. Kwa hiyo mtafiti anayesaka ile inayozuia magonjwa ya mbuni kama chulebuni au kutu ya majani hukuta nyingi zinazofanana, naye hawezi kuitenga kwa sura pekee, bali sharti afuatilie nasaba ya kila moja na kupima kazi yake.