Dawa ya Pua Iliyopitia Shamba la Mkonge

Mkaratusi si mti wetu. Uliletwa Kenya kutoka Australia mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu 1902, uwe kuni za gari la moshi. Leo ukipiga chafya tatu mfululizo pale Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, wa kwanza kukuonea huruma atakuambia uchemshe majani yake, ujifunike blanketi, ujifukize. Dawa ya kienyeji hiyo, atasema. Taja sasa ile chupa ndogo ya kupuliza puani, yenye steroidi. Atashtuka. "Hiyo ya wazungu? Itakumaliza!"

Kumbe kati ya hizo mbili, yenye historia ndefu zaidi na ardhi ya Afrika Mashariki huenda ni hiyo chupa.

Kaaga ni mahali pazuri pa kuuliza dawa ni ya nani. Kwa Kimeru, aga ni waganga, na neno hilo linasikika ndani ya jina la mahali penyewe. Wamethodisti walifika hapo 1912, wakajenga misheni, kisha shule, na leo kuna chuo kikuu cha KeMU. Zaidi ya miaka 100 watu wa hapa wameishi na dawa za pande mbili, wakipima ipi ni ya kuaminiwa. Hofu ya steroidi nayo haikutoka hewani.

Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo kule Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mama mmoja aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo. Dawa ilikuwa kotizoni, homoni ambayo mkemia Edward Kendall alikuwa ameitoa kwenye tezi zinazokaa juu ya figo za wanyama. Baada ya siku chache mama akawa anatembea. Mwaka wa 1950 Hench na Kendall walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi.

Shida ilikuwa mbili. Ya kwanza, kotizoni ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kuitengeneza kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe kulichukua hatua zaidi ya 30 za maabara. Wanakemia wakaanza kusaka mmea ambao ungewafupishia safari. Marekani walielekea Mexico, kwenye viazi vikuu vya porini. Waingereza waligeukia makoloni yao, na 1951 wakatangaza walichopata: hekojenini, ndani ya maji ya mkonge wa Afrika Mashariki.

Mkonge nao ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Miaka 50 baadaye mashamba yalikuwa yametanda Tanga na Morogoro, na upande wa Kenya, Thika hadi Pwani. Manamba walikata majani juani, mashine zikayakwangua. Lakini katika kila kilo 100 za majani, nyuzi zilikuwa kama kilo nne tu. Zilizobaki, maji ya kijani yenye kuwasha ngozi, zilimwagwa. Ni katika uchafu huo, ukishachachushwa na kupikwa kwa asidi, ambamo hekojenini ilipatikana. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliitumia kutengeneza steroidi zake kwa miaka mingi.

Shida ya pili ndiyo iliyozaa hofu yetu. Waliokunywa vidonge vya steroidi kwa muda mrefu walivimba uso ukawa wa mviringo, mifupa ikadhoofika, sukari ikapanda, na tezi zao zikasahau kutengeneza homoni yake. Hayo ni kweli, na vidonge na sindano bado vinaweza kuyaleta. Ndiyo maana wanasayansi walitafuta steroidi inayofanya kazi pale inapogusa tu. Miaka ya 1970 Glaxo ikaleta beklometasoni, kwanza ya kuvuta kwa wenye pumu, kisha ya pua. Halafu zikaja budesonaidi, flutikasoni na mometasoni. Kwa hizo mbili za mwisho, chini ya asilimia 2 ya unachopuliza ndiyo hufika kwenye damu.

Yaani chupa hiyo ni jibu la hofu ile ile tunayoitumia kuikataa. Na tukiikataa tunaenda wapi? Wengine huomba "sindano ya aleji," ambayo mara nyingi ni steroidi ya mwili mzima, dozi kubwa. Wengine hununua matone ya kuzibua pua, kama ksilometazolini. Hayo hufungua pua dakika hiyo hiyo, lakini yakizidi kama siku tano hadi saba, pua huziba vibaya zaidi na unakuwa mtumwa wake.

Sasa, dawa nzuri ikitumiwa ovyo ni bure. Penga kamasi kwanza. Tikisa chupa, kama ni mpya, puliza hewani hadi itoe mvuke sawasawa. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, maana hapo ndipo pua hutoka damu. Vuta pumzi polepole. Ukiivuta kwa nguvu itaishia kooni.

Halafu subira. Hii si dawa ya dakika tano. Hutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Wengi huiacha siku ya tatu na kusema haifanyi kazi.

Kuna wanaopaswa kuzungumza na daktari kwanza: mwenye presha ya macho, aliyefanyiwa upasuaji wa pua juzi, na mtoto, ambaye hupewa dozi ndogo kabisa na urefu wake ukaangaliwa. Na hili linasahaulika sana: ukiwa kwenye ARV zenye ritonaviri, mwambie mwenye duka la dawa. Ritonaviri huzuia ini kuvunja flutikasoni na budesonaidi, na zile shida za vidonge zinaweza kurudi kupitia pua. Ipo ya kubadilishiwa.

Leo viwanda vingi hutengeneza steroidi kutoka kwa mimea kama soya. Mkonge umebaki ua la shamba huko Tharaka na Mbeere, na nyuzi za kusukia vyondo. Ukipita hapo vumbi la Septemba likikuwasha pua, jua kwamba maji ya majani kama hayo yaliwahi kusaidia watu kupumua.