Programu Zilizoitangulia Chipu

Agosti 2000, kampuni ya AMD ya Marekani ilichapisha maelezo ya prosesa ya biti 64 ambayo bado haikuwapo. Chipu yenyewe, Opteron, ilizinduliwa Aprili 2003. Katika kipindi hicho kazi kubwa ilikuwa ya waandishi wa programu, na wao ndio wanaostahili sifa ambayo kwa kawaida hupewa chipu.

AMD ilishirikiana na SuSE, wasambazaji wa Linux kutoka Ujerumani. Kwa kuwa hakukuwa na mashine, walitumia programu iliyoiga prosesa hiyo amri kwa amri, tena polepole mno. Jan Hubička wa Prague alishika kompaila ya GCC. Andi Kleen akashika kerneli, yaani kiini cha Linux. Kompaila ilibidi itangulie, maana bila hiyo hata kerneli isingeweza kugeuzwa kuwa amri ambazo prosesa inazielewa.

Kulikuwa na maamuzi madogo ambayo yangedumu miaka mingi. Rejista za kazi za jumla, yaani nafasi ndogo za kushikia data ndani ya prosesa, zilikuwa zimeongezeka kutoka 8 hadi 16. Kwenye Linux ya biti 32, programu ilipoita kipengele chake kingine, iliweka data kwenye kumbukumbu; sasa zingepita kwenye rejista, ambako ni haraka zaidi. Lakini rejista zipi, na kwa mpangilio gani? Hubička alijaribu mipangilio mbalimbali, akapima ukubwa wa msimbo uliotoka. Zikachaguliwa sita: rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9. Mpangilio huo ndio unaotumika mpaka leo kwenye Linux ya prosesa hizo.

Kampuni za Intel na HP zilikuwa zimefuata njia nyingine. Prosesa yao ya Itanium, iliyotoka 2001, iliiachia kompaila jukumu la kupanga mapema amri zipi zitekelezwe kwa pamoja. Ulikuwa mzigo usiobebeka: kompaila haiwezi kujua data itachelewa wapi kabla programu haijaanza kukimbia. Programu za zamani, zilizoandikwa kwa prosesa za biti 32 za familia ya x86, nazo zilijikokota humo, ilhali Opteron iliziendesha bila kubadilishwa.

GCC 3.1 ilitoka Mei 2002 ikiijua tayari prosesa ya AMD. Februari 2004 Intel yenyewe ikatangaza kwamba prosesa zake za x86 zitafuata muundo huohuo, na Aprili 2005 Microsoft ikatoa Windows XP ya kuutumia. Itanium ilibaki kwenye seva chache. Shehena za mwisho zilipelekwa kwa wateja 2021.