Mkanda wa Kijani na Mapambano Yasiyopigwa

Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, lilizaliwa Mexico City tarehe 14 Februari 1963, kwa mwaliko wa Adolfo López Mateos, aliyekuwa rais wa Mexico wakati huo. Wajumbe walitoka nchi 11 pamoja na Puerto Rico. Walikuwapo Waajentina, Wafilipino, Waingereza, Wafaransa, Wabrazili na wengineo, na wengi wao walikuwa na dukuduku moja. Ubingwa wa dunia uliitwa wa dunia, lakini wagawaji wake walikuwa hasa kamisheni za majimbo ya Marekani, ambazo mwaka mmoja tu kabla ya hapo zilibadili jina la chama chao, kikaacha kuitwa cha taifa na kuanza kuitwa cha dunia, yaani WBA. Rais wa kwanza wa WBC, Luis Spota, alikuwa mwandishi wa riwaya. Pengine ndiyo sababu baraza hili halijawahi kuishiwa visa.

Sasa limevuka miaka 60, na mwenye kutaka kulisifu hana kazi ngumu. Akitaja tu waliovaa mkanda wake wa kijani katika uzito wa juu, kuanzia Ali, Frazier na Foreman, apite kwa Holmes, Tyson na Lewis, hadi Vitali Klitschko, Fury na Usyk, amemaliza. Lakini wapenzi wa ngumi wanaokesha wakibishana hawabishani sana juu ya mapambano yaliyopigwa, kwa kuwa hayo yana matokeo. Wanabishana juu ya yale ambayo hayakupigwa: nani alimkwepa nani, na nani alimlinda. Humo ndimo WBC inamoonekana vizuri zaidi. Bingwa akiamriwa kupanda ulingoni na mtu asiyemtaka, baraza lina silaha moja tu mkononi, nayo ni kumvua mkanda. Silaha hiyo imewahi kulijeruhi baraza lenyewe.

Mwanzoni mambo yalikuwa mepesi. Sonny Liston ndiye aliyekuwa bingwa baraza lilipoanzishwa, na mwaka 1964 akapigwa na kijana Cassius Clay, ambaye muda mfupi baadaye akawa Muhammad Ali. WBA ilimvua Ali mkanda mwaka huohuo kwa sababu ya kukubali marudiano na Liston. WBC ikaendelea kumtambua. Alipokataa kuandikishwa jeshini mwaka 1967, WBA na kamisheni ya New York zilimgeuka mara moja. WBC ilichelewa hadi 1969, ndipo nayo ikafuata. Frazier akaupata mkanda mwaka 1970, Foreman akamnyang'anya Kingston, Jamaika, mwaka 1973, na Ali akaurudisha Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, pambano ambalo wazee wa huku kwetu bado wanalisimulia kana kwamba walikuwa wamekaa kiti cha mbele.

Kisha akaja José Sulaimán. Alizaliwa Ciudad Victoria, Mexico, katika familia yenye asili ya Lebanoni, akachaguliwa rais wa WBC Desemba 1975, na kiti hicho hakukiachia hadi alipofariki Januari 2014. Miaka 38! Mtihani wake mkubwa wa kwanza ulikuja Februari 1978, Leon Spinks alipompiga Ali kwa pointi mjini Las Vegas. Spinks alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa nyuma yake. Kwa kanuni za baraza alitakiwa kumkabili Ken Norton, aliyekuwa amempiga Jimmy Young Novemba 1977 katika pambano la kutafuta mpinzani wa lazima. Spinks na watu wake wakachagua marudiano na Ali, kwani huko ndiko kulikokuwa na fedha. Mwezi uliofuata WBC ikamvua mkanda na kumkabidhi Norton, ikisema kwamba ushindi wake dhidi ya Young uhesabiwe kuwa wa ubingwa.

Kwa kanuni, baraza lilikuwa sahihi. Norton, mtu aliyemvunja Ali taya mwaka 1973, alikuwa amesubiri zamu yake kihalali. Lakini angalia yaliyofuata. Tarehe 9 Juni 1978 Norton alipanda ulingoni Las Vegas kuutetea mkanda aliopewa mezani, mbele ya Larry Holmes. Walipigana raundi 15. Hadi ya 14 majaji wote watatu walikuwa wamewaweka sawa kabisa, na raundi ya mwisho ikawa ya kurushiana ngumi bila kujilinda, watu wawili waliochoka wakigoma kurudi nyuma. Majaji wawili walimpa Holmes kwa 143 kwa 142. Wa tatu alimpa Norton kwa alama hizohizo. Norton akabaki kuwa bingwa wa uzito wa juu ambaye hakuwahi kushinda pambano hata moja la ubingwa. Dunia nayo ikabaki na mabingwa wawili, Holmes wa WBC na upande wa pili Ali, ambaye Septemba mwaka huo alimpiga Spinks kwa mkanda wa WBA. Tangu hapo kuwa na mabingwa wawili au watatu kukawa jambo la kawaida katika uzito wa juu.

Holmes naye akaja kuonja yaleyale. Mwaka 1983 baraza lilimtaka akabiliane na Greg Page. Yeye akataka kupigana na Marvis Frazier, mtoto wa Joe, kijana mwenye mapambano kumi tu. WBC ikakataa kulitambua pambano hilo. Holmes akampiga Marvis katika raundi ya kwanza, na Desemba akauachia mkanda, akahamia IBF, shirika lililokuwa limeanzishwa mwaka huohuo. Waliofuata, yaani Witherspoon, Thomas na Berbick, waliupokezana haraka mno, mpaka Mike Tyson alipomlambisha Berbick sakafu Novemba 1986 na kuwa bingwa mdogo kuliko wote wa uzito huo, akiwa na miaka 20.

Ni haki tutaje na mazuri. Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipoteza maisha siku chache baada ya kupigwa na Ray Mancini katika raundi ya 14. Pambano lile lilikuwa la WBA, lakini WBC ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Wapenzi wengi walinuna, wakisema ngumi zimekatwa miguu. WBA ilichukua miaka mitano kufuata. Vivyo hivyo kwa Afrika Kusini ya ubaguzi: WBC ilijitenga nayo, wakati WBA ilipeleka pambano la ubingwa wa uzito wa juu Pretoria Oktoba 1979, John Tate dhidi ya Gerrie Coetzee. Kwa haya mawili Sulaimán anastahili heshima hata kwa wasiompenda.

Na wasiompenda walikuwa wengi. Walimshutumu kwa ukaribu wake na promota Don King, shutuma alizozikana maisha yake yote. Februari 1990 hali haikumsaidia. Buster Douglas alimtoa Tyson kwa nokauti mjini Tokyo, lakini kwa kuwa Douglas mwenyewe aliangushwa katika raundi ya nane na King akadai mwamuzi alihesabu polepole, WBC na WBA zikasita kumtambua mshindi. Dunia nzima ilikuwa imemwona Tyson akipapasa sakafu kutafuta kikinga meno chake. Kelele zilipozidi, baada ya siku chache tu madai yakaondolewa.

Kisa cha kukwepana kinachojulikana kuliko vyote ni cha Riddick Bowe na Lennox Lewis. Walikutana kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Bowe akiwa wa Marekani na Lewis wa Kanada, na mwamuzi akamwokoa Bowe katika raundi ya pili. Miaka minne baadaye kulikuwa na makubaliano kwamba mshindi kati ya bingwa Holyfield na Bowe atapigana na mshindi kati ya Lewis na Razor Ruddock. Lewis alimmaliza Ruddock katika raundi mbili mjini London, Oktoba 1992. Wiki mbili baadaye Bowe akampiga Holyfield Las Vegas katika moja ya mapambano bora ya muongo ule, akawa bingwa asiyepingwa. Kilichobaki kilikuwa kuelewana juu ya fedha, wakashindwa. Tarehe 14 Desemba 1992 Bowe aliita waandishi wa habari, London, mji wa Lewis mwenyewe, akauchukua mkanda wa WBC na kuutupa kwenye pipa la taka mbele ya kamera.

Mkanda ule si kitu cha kutupwa ovyo. Ngozi yake ni ya kijani, na katikati ya bamba la dhahabu amesimama bondia aliyeinua mikono, amezungukwa na bendera za nchi wanachama. Baraza likatangaza kwamba Lewis ndiye bingwa, kama lilivyofanya kwa Norton, bila ngumi hata moja kurushwa, na Bowe hakurudi tena kwake. Watetezi wa Bowe hutaja mgawanyo wa fedha. Mimi sioni hoja hapo, kwa sababu aliyekwisha kupigwa Seoul ndiye aliyekuwa na deni la kulipa. Lakini baraza nalo lilimrahisishia kutoroka, maana aliendelea kuitwa bingwa wa WBA na IBF, akapanga wapinzani wepesi na kulipwa vizuri.

Tyson, akiwa tena na mkanda wa WBC, alifanya la kwake mwaka 1996. Lewis alikuwa mpinzani wake wa lazima, akalipwa dola milioni 4 akae pembeni ili Tyson akapigane kwanza na Bruce Seldon. Tyson akampiga Seldon, kisha akauachia mkanda wa WBC bila kumgusa Lewis. Walipokutana hatimaye Memphis, Juni 2002, Lewis alikuwa anakaribia miaka 37 na Tyson 36, na Lewis akamaliza kazi katika raundi ya nane. Hata mkutano wa kutangaza pambano hilo, New York mwezi Januari, uligeuka vurugu jukwaani. Sulaimán, mzee wa miaka 70, alisema aliangushwa akagonga kichwa na kuzirai, akawafungulia mashtaka mabondia wote wawili. Asishinde.

Kesi iliyoliuma baraza hasa haikutoka uzito wa juu. Mwaka 1998 Mjerumani Graciano Rocchigiani alimpiga Michael Nunn mjini Berlin akijua anagombea mkanda uliokuwa wazi wa uzito wa juu mwepesi. Roy Jones, aliyekuwa ameuacha mkanda huo, alipotaka kurudi, WBC ikasema kumtaja Rocchigiani kuwa bingwa lilikuwa kosa la uchapaji, kwamba alikuwa bingwa wa muda tu. Mahakama ya New York mwaka 2002 haikuliamini kosa hilo la uchapaji, ikaamuru alipwe zaidi ya dola milioni 30. Mwaka 2004 baraza lilikuwa ukingoni mwa kufilisiwa, likaokolewa na maelewano ya dakika za mwisho.

Afrika yetu imo katika kumbukumbu hizo. John Mugabi wa Uganda alitwaa mkanda wa WBC nchini Ufaransa mwaka 1989, katika raundi ya kwanza, mpinzani wake René Jacquot alipoteguka kifundo cha mguu. Fatuma Zarika wa Kenya alimpokonya Alicia Ashley mkanda wa wanawake huko Flint, Michigan, Oktoba 2016. Ilunga Makabu aliutwaa wa uzito wa cruiser Kinshasa kwenyewe, Januari 2020. Hawa hawakuwa na nafasi ya kumkwepa mtu. Bondia wa huku huenda anakopangiwa.

Mauricio Sulaimán alirithi kiti cha baba yake Februari 2014, na ugonjwa ni uleule. Deontay Wilder aliutetea mkanda wa WBC mara kumi kati ya 2015 na 2019, Anthony Joshua akiwa na mikanda mingine, na hawakukutana. Tyson Fury na Joshua walikuwa wamekwisha kutangaziwa pambano Saudi Arabia mwaka 2021 hadi msuluhishi alipoamua kwamba Fury bado anadaiwa pambano la tatu na Wilder. Ni ndugu wawili tu, Vitali na Wladimir Klitschko, waliokwepana bila mtu kuwalaumu: walimwahidi mama yao. Ilibidi Oleksandr Usyk aje ampige Fury Riyadh, Mei 2024, ndipo mikanda yote minne ikaenda kwa mtu mmoja. Aliyetangulia kuwa bingwa pekee wa uzito huo alikuwa Lewis, mwaka 1999.

Wakati huohuo baraza limeongeza mikanda: ya muda, ya fedha, ya almasi, na mwaka 2019 likaleta cheo cha kumruhusu bondia mwenye jina kubaki bingwa bila kubanwa na mpinzani wa lazima. Kwa kuwa WBC huishi kwa asilimia ya malipo ya mabondia, yapata 3 kwa mia, kila mkanda mpya ni chanzo cha mapato, nami sidhani kuna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Kama baraza linataka zawadi ya maana kwa umri wake huu, na lifute kanuni moja tu, ile ya kumtawaza mtu kwa tangazo. Bingwa akikimbia, mkanda uwekwe wazi na wawili waugombee ulingoni, hata kama itachukua mwaka mzima. Norton na Lewis walistahili kushinda mkanda wao kwa ngumi, na watazamaji walistahili kuwaona wakifanya hivyo.