Mawe, mizizi na trakta: yale Kongwa na Engaruka wanafundisha sisi wa Ituri



Tangu tuanze kuzunguka vijijini na familia zilizorudi, ombi moja linatoka karibu kila mkutano: "Mutuletee trakta, njala itaisha." Hatushangai. Kuna waliokimbia mwisho wa mwaka 2017, kuna waliokimbia tayari kati ya 1999 na 2003, na kuna familia zilizokimbia mara zote mbili. Shamba likilala miaka mitano au sita bila jembe, linakuwa pori. Mizizi inaingia chini sana. Mafasi nyumba zilichomwa, mawe ya msingi yametawanyika katika majani. Na kule wachimba dhahabu walipita, wameacha mashimo na marundo ya mawe meupe juu ya udongo ambao zamani ulitoa maharagi na mahindi.

Mkutano mkuu utapaswa kuamua: akiba yetu, pamoja na ile wafadhili wataongeza, tununue trakta au tufanye nayo kazi ingine? Mbele ya kupiga kura, sisi wa timu ya vijijini tuliona vizuri tufungue kitabu cha historia. Jambo hili si jipya. Jirani zetu wa Tanzania walilipitia, mara moja kwa mashini kubwa kuliko zote, na mara moja kwa mikono mitupu.

Kongwa: vita dhidi ya pori

Kisha Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga Afrika ya Mashariki kwa mashini. Serikali ikatuma wajumbe watatu, wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walitembea wiki karibu tisa, sehemu nyingi kwa ndege, kisha wakaandika ripoti: eka 3,210,000 zifyekwe katika miaka sita, sehemu kubwa Tanganyika, zingine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Hizo ni hekta milioni 1.3. Kwa sisi wa hapa, ni kama kufyeka sehemu moja ya tano ya jimbo lote la Ituri. Gharama ilihesabiwa kuwa karibu pauni milioni 25. Waziri wa chakula, John Strachey, akakubali, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, upande wa Dodoma.

Wanaume wengi waliotoka jeshini Uingereza waliomba kwenda, na watu wakawaita jeshi la karanga. Mwaka wa kwanza walipaswa kufyeka eka 150,000. Mwaka ulipoisha, karanga zilikuwa zimepandwa katika eka 7,500 hivi. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kwamba mradi umekufa, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Nchi iliyokuwa ifurike mafuta ya karanga haikupata mafuta.

Kwa nini mashini zilikufa

Hapa tunaomba msomaji asikimbie, juu mafundisho yote yamo katika sehemu hii.

Kwanza, trakta mpya hazikupatikana, vita ilikuwa imemaliza kila kitu. Wakanunua zile jeshi la Marekani liliacha, nyingi kutoka Ufilipino. Zilikuwa zimelala kwenye mvua na chumvi ya bahari. Zilikuwa pia za aina mbalimbali, na kila aina inataka vipuri vyake, ndivyo mafundi wetu wanaita pyesi. Pyesi ya hii haiingii katika ile. Wakati wa miezi ya kati ya mwaka 1947 ulipopita, karibu trakta mbili katika kila tatu zilikuwa zimesimama.

Pili, barabara. Kila kitu kilipita bandari ya Dar es Salaam, iliyokuwa imejaa, kisha reli ya njia moja tu. Mafuriko ya mto Kinyasungwe yakabomoa reli hiyo, na mashini zikabaki upande mmoja wakati kazi inangoja upande mwingine. Wasomaji wetu wanaojua barabara ya taifa namba 27, kutoka Bunia kwenda Mahagi, hawahitaji maelezo. Rulema inayopatikana Kampala haisaidii mtu wa Djugu ikiwa gari haliwezi kupita.

Tatu, pori lenyewe. Miti midogo ya Kongwa inaonekana dhaifu, lakini mizizi yake imefungana chini ya udongo kama kamba za wavu. Bulduzeri ilisukuma shina likaanguka, mizizi ikabaki na kuvunja majembe ya trakta. Walijaribu kila akili. Kiwanda cha Vickers kiligeuza vifaru vya vita vya Sherman kuwa trakta. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya bulduzeri mbili ili ung'oe miti ukipita. Mnyororo ulifanya kazi vizuri juu ya ardhi. Chini ya ardhi, mizizi ilibaki pale pale.

Nne, udongo na mawe. Udongo wa Kongwa una mchanga wa mawe meupe magumu, yale wataalamu wanaita kwatsi. Mchanga huu ulikula chuma kama tupa: meno ya majembe yaliisha haraka kuliko meli zilivyoweza kuleta mengine. Na kiangazi kilipofika, udongo mwekundu ulikauka kama sementi, karanga zikafungwa ndani yake. Wagogo walikuwa wanajua kiangazi hicho na ile mvua isiyotabirika. Mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa bila wao.

Tano, watu. Madereva wengi walifundishwa haraka haraka. Vyakula vilipanda bei Kongwa, mshahara haukufuata, na mwaka ule ule wa 1947, wakati wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ulifika mpaka Kongwa. Mashini isiyo na mtu anayeijua na anayelipwa vizuri ni chuma tu.

Tukitazama hesabu, basi, hakuna jambo moja lililoua mradi. Pesa ilikuwepo, hata nia ilikuwepo. Ila walihesabu bei ya kununua mashini na hawakuhesabu sawasawa bei ya kuifanya iendelee kutembea. Hata kwetu Kongo tumeona jambo linalofanana. Bukanga Lonzo, upande wa Kwango, ilifunguliwa mwaka 2014 na hekta 80,000 na trakta nyingi za kupendeza. Mwaka 2017 kazi ilisimama, na mashini zikabaki kulala katika majani.

Engaruka: jiwe likawa ukuta

Sasa twende kaskazini ya Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mafasi panaitwa Engaruka. Pale, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, wakulima waliishi katika nchi kavu iliyojaa mawe. Hawakuwa na trakta, wala ng'ombe wa kuvuta jembe. Lakini mpaka leo kazi yao inaonekana juu ya hekta karibu 2,000.

Walifanya nini? Kila jiwe lililotolewa katika shamba lilipewa kazi. Makubwa yalipangwa kuwa kuta ndogo, moja chini ya ingine, kufuata mteremko, ili maji yasibebe udongo. Mengine yalijenga kingo za mifereji iliyoleta maji kutoka mito ya milimani. Yaliyobaki yalirundikwa kwa mpango, ili nafasi kati ya marundo ilimwe. Kuna mashamba ambapo kuta zilizuia maji ya matope mpaka matope yakatulia, na udongo mzuri ukajengeka mahali palipokuwa na mawe matupu.

Tusiwafanye watu wa Engaruka kuwa malaika. Mwishowe waliondoka, na wataalamu wanaochunguza hutaja maji kupungua na udongo kuchoka. Lakini wao walikula kutoka yale mawe kwa karne mbili au tatu. Kongwa ilidumu miaka minne.

Jiwe la kwetu

Turudi nyumbani. Vilima vya Djugu vinavyoshuka kwenda Ziwa Albert vina mteremko mkali, na mvua yetu ni nyingi kuliko ya Engaruka. Mahali kama hapo, jiwe lililotupwa mtoni ni ukuta uliopotea. Na yale mawe meupe ya wachimbaji ni kwatsi ile ile ya Kongwa. Upande wa Kilo, dhahabu inakaa katika mishipa ya kwatsi tangu kabla wazungu hawajaanza kuichimba mwaka 1905. Jiwe linalobeba dhahabu ndilo litakula jembe la trakta yetu.

Kuna jambo lingine ambalo Kongwa hawakupaswa kuliwaza kama sisi: kwetu, jiwe linaweza kuwa mpaka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na haki za watu juu ya ardhi ya kimila ikaziacha zingoje amri ya Rais. Miaka ikapita amri haitoki. Wenye karatasi walipata nguvu juu ya wenye mababu. Vita ya 1999 ilianzia kwenye ugomvi wa mipaka ya konsesyo za zamani katika teritwari ya Djugu. Ilipofika 2003, watu waliokufa walikadiriwa kuwa zaidi ya 50,000, na nusu milioni walikuwa wamekimbia. Hatuandiki haya kwa kufungua kidonda. Tunaandika juu bulduzeri ikipita asubuhi moja inaweza kufuta mpaka ambao babu wawili walikubaliana juu yake, na wajukuu wao wakaanza upya.

Kwa hiyo kazi ya kutoa mawe si kazi ya misuli tu. Ikifanywa vizuri, ni kazi ya kupatana. Mwenye shamba, jirani yake wa kila upande, kapita na wazee wanatembea pamoja mbele ya jiwe lolote kusogezwa. Wanaonyesha mpaka, wanapanda mmea wa mpaka, wanaandika. Kisha salongo inaanza: baramine na nyundo kubwa kwa mawe makubwa, toroli na vikapu kwa madogo. Jiwe lisilosogea linawashiwa moto, kisha linamwagiwa maji baridi ili lipasuke, na watu wakae mbali, juu vipande vinaruka. Wamama wasiachiwe mawe madogo yote wakati wanaume wanajadili yale makubwa. Na mtu akikuta chuma asichokijua ndani ya udongo, asikiguse wala asikitupe. Aweke alama, azuie watoto, aite wakubwa wa mahali.

Maswali kwa mkutano mkuu

Sisi hatusemi trakta ni mbaya. Mahali tambarare, udongo ukiwa safi, trakta inafanya kwa siku moja kazi ambayo familia inafanya kwa majuma. Tunasema trakta inakuja nyuma ya mawe, haiji mbele yake. Hata tukiwa nayo kesho, jembe lake litavunjika kwenye jiwe la kwanza lililojificha, na jiwe hilo litatolewa kwa mkono vilevile.

Basi tunaomba kila kikundi kijibu maswali haya mbele ya kura. Nani atapaka gresi kila asubuhi na kusafisha filtri ya hewa kila siku ya vumbi? Nani ataandika saa za mota, ili mafuta yabadilishwe kwa wakati, ambao kwa trakta nyingi ni kila saa 250 hivi? Pyesi zitatoka wapi, na barabara ikifungwa miezi miwili tutafanya nini? Mazutu italipwa na mfuko gani? Trakta ikilima kwa mmoja mbele ya mwingine, nani ameamua zamu? Na vijana wetu wangapi wamejifunza ufundi wa mashini mpaka kuweza kufungua mota na kuifunga tena?

Pendekezo letu ni hili. Msimu wa kwanza, pesa iende kwa vifaa vya mawe, kwa kutembeza mipaka, na kwa kuweka vijana, wanaume na wanawake, katika garaji za Bunia wajifunze. Msimu wa pili, tukodi trakta kwa mashamba tambarare yaliyokwisha kusafishwa, tuandike kila saa na kila lita. Tukiwa na hesabu hiyo mkononi, msimu wa tatu tutajua kama kununua ni akili.

Kwa wafadhili wetu, neno moja la heshima. Picha ya trakta mpya yenye utepe ni nzuri, tunaelewa. Lakini mwenye kutupa trakta bila pyesi, bila fundi na bila mazutu ya miaka mitatu ya kwanza, anatupa mzigo. Mwenye kulipia garaji, kisanduku cha funguo na mafunzo ya kijana mmoja anatupa kitu ambacho hata wakati wa kukimbia mtu anaweza kubeba kichwani mwake, na kurudi nacho.

Tuonane kwenye mkutano. Kila kikundi kije na majibu yake yameandikwa, pamoja na orodha ya mashamba ambayo mipaka yake imekwisha kutembezwa.